Mama Mifuniko na Ndege ya Jeshi

Jina hilo alipewa na wateja, si na wazazi wake. Mumewe alikuwa fundi wa masufuria, na yeye alipoolewa alikuta masufuria yanauzwa bila mifuniko. Watu walifunikia sahani, wengine sinia, wengine kipande cha ubao. Akamwambia mumewe, "Unauza nusu ya chombo." Mume akacheka, akamwachia kona ya karakana na mchanga kidogo wa kutengenezea kalibu za kumwagia alumini. Haukupita mwaka, watu wakawa wanakuja kuulizia mfuniko kwanza, sufuria baadaye. Mfuniko wake ulikaa ukatulia, haukucheza wala kupiga kelele maji yakichemka, na yeye hakuona haya kuwaeleza hivyo wateja, hata wale waliokwisha kununua.

Sasa ana miaka sitini na mitano. Mumewe ni marehemu. Karakana imeshikwa na mwanawe wa kwanza, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole, ambaye yeye mama mtu humwita "baba" kwa sababu amebeba jina la babu yake. Lakini Mama Mifuniko bado huja kila asubuhi na kukalia kiti cha plastiki kilichofungwa mguu mmoja kwa waya, kando ya rundo la vyuma chakavu. Kazi yake ni kuchambua. Pistoni anaweka huku, rimu za magari kule, makopo kule mbele. Boliti za chuma lazima zing'olewe zote, maana haziyeyuki pamoja na alumini, na ikiponyoka moja ikaingia kwenye kalibu, sufuria hutoka na kidonda ubavuni. Hakuna kipande kinachoingia motoni bila kupita mikononi mwake. Mwonyeshe chochote, atakuambia kimetoka kwenye mashine gani, na akikosea atasema wewe ndiye uliyekosea.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Miaka arobaini na moja nyuma, ndege ya jeshi ilianguka kwenye mlima ulio juu ya mji. Ilikuwa na watu watatu ndani. Ilikuwa majira ya mvua, ukungu mzito, msitu hauonyeshi hata hatua kumi. Askari walikuja, wakahangaika siku tatu, wakashuka na maiti mbili, ya rubani na ya msaidizi wake, pamoja na vifaa walivyovitaka wao. Wa tatu, fundi wa ndege, hakuonekana. Wakasema ameungua, wakafunga faili. Kabla ya kuondoka walipitisha gari lenye kipaza sauti mtaa kwa mtaa: atakayegusa ndege atafungwa.

Tangazo lilifanya kazi wiki mbili hivi. Baada ya hapo watu walianza kupanda mlima mmoja mmoja, kila mtu akijidai anatafuta kuni. Tusiwaseme sana. Alumini ya ndege nzima ilikuwa imelala msituni, na mji mzima ulikuwa unapikia vyombo vilivyotoboka. Mwaka ulipokwisha, mlimani hakukubaki hata kijiko. Mlango wa ndege uligeuka mlango wa banda la kuku. Bawa moja liliezeka choo. Kinyozi wa sokoni alijipatia kiti cha rubani chenye mikanda yake, na wateja watundu walikuwa wakidai wafungwe mkanda kabla ya kunyolewa. Vilivyobaki, na ndivyo vingi, viliishia kwenye chungu cha kuyeyushia cha mume wa Mama Mifuniko. Ukipika mjini hapa, kwa namna fulani unapikia ndege.

Basi mwaka huu wanajeshi wakaja tena. Safari hii hawakuja na vitisho. Alikuja kapteni mmoja, mwanamke mwembamba mwenye miwani, kutoka makumbusho ya jeshi, na askari wawili na lori. Aliweka meza kwenye ukumbi wa mikutano akatangaza kwamba kila mwenye kipande cha ndege akilete, na hakuna atakayeshtakiwa. Watu walisita nusu siku. Kisha mlango wa banda la kuku ukaingia ukumbini, kuku wake wakiwa wameachwa wazi, na baada ya huo vipande vikamiminika.

"Hiki ulikitoa wapi?" Kapteni alimuuliza mwenye mlango.

"Nilikiokota njiani."

"Na wewe?"

"Njiani, mkuu."

"Na wewe, kinyozi? Kiti?"

"Nilikikuta njiani, mama. Kimekaa tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kapteni naye alicheka, ila hakuacha kuuliza. Mezani kwake alikuwa ametandaza ramani ya mlima, na mkononi alikuwa na kalamu nyekundu. "Sikilizeni," alisema. "Bati lenyewe si shida yangu. Ndege ikianguka, kila kipande hulala mahali pake kwa sababu yake. Ukijua bawa lililala wapi, na mkia wapi, unaweza kujua mtu alitupwa upande gani. Kule mlimani kuna mwenzetu hajazikwa. Mlipobeba bati, mlibeba na alama za kumpatia."

Pembeni yake alikaa mwanamke wa miaka kama arobaini, sketi ya bluu, mkoba miguuni. Kapteni alimtambulisha. Ni mwalimu wa hesabu. Ni binti wa yule fundi wa ndege. Baba yake alipopotea, yeye alikuwa bado tumboni.

Mama Mifuniko alikuwa safu ya nyuma kabisa. Alikuja kuchekelea watu, na kicheko kikamkauka. Aliinuka, akatoka taratibu kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.

Ukweli ni kwamba alijua fundi wa ndege alipo. Alimwona. Ilikuwa wiki ya tatu baada ya ajali. Mumewe alikuwa juu anakata bawa kwa msumeno, yeye akafuata korongo peke yake, mbali sana na mabaki mengine, na huko akakuta mkia mzima umejibwaga kati ya miti. Alipoinua bati lake kubwa, akamwona mtu. Alipiga ukelele mumewe akashuka mbio. Wakakaa chini wote wawili. Mwisho mumewe akasema, "Tukisema tumemwona, watatuuliza tulifuata nini." Wakamfikiria mtoto wao mchanga aliyeachwa kwa shangazi yake. Wakamfunika marehemu kwa mawe, kwa adabu, mpaka jua likawa utosini. Kisha, na hapa ndipo Mama Mifuniko huona aibu hata mbele ya mtu asiyemjua, wakarudi kuuchukua mkia.

Waliahidiana kwamba watasema mambo yakipoa. Mambo yalipoa mpaka yakaganda. Kila mwaka uliopita uliongeza swali la kuwa walingoja nini mwaka uliotangulia, na mumewe akaondoka duniani nalo.

Kesho yake Kapteni na Mwalimu walikuja karakanani. Hakukuwa na ajabu, maana mji mzima ulikuwa umewaambia, "Nendeni kwa Mama Mifuniko, yeye ndiye aliyeimeza ndege." Mwanawe alizima feni ya kupuliza moto ili wasikizane. Vijana wa kazi wakabaki na mchanga wa kalibu mikononi.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Msikanyage hapo, hiyo kalibu haijakauka."

Mwalimu alisimama mbele ya ukuta wa masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, akayatazama kuanzia la chini mpaka la juu. Akauliza kama kuna kilichobaki.

"Vyote viliyeyuka," alisema Mama Mifuniko. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo.

"Sikujia bati," Mwalimu alisema. "Mama yangu walimpa karatasi imeandikwa 'hakuonekana'. Hawakumwandikia 'amefariki'. Basi naye akakataa kuitwa mjane. Mimi shuleni, kila mwaka, fomu ilikuwa na mahali pa baba: yupo, au marehemu. Sikujua niweke alama wapi, nikapaacha wazi. Mwalimu wa darasa ananirudishia, anasema, mtoto, jaza. Siku moja nilichapwa kwa ajili ya hicho kijisanduku. Sasa fomu hizo nazigawa mimi." Alitabasamu kidogo, kama anayeomba radhi kwa kusema sana. "Kesho asubuhi tunaondoka. Ukikumbuka chochote, mama, hata kidogo, tuko nyumba ya wageni karibu na kituo cha mafuta."

Walipotoka, feni haikuwashwa. Mwanawe alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yake. Yeye alijua habari ya yule maiti wa korongoni. Baba yake alimwambia hospitalini, katika yale mazungumzo ambayo mtu hujifanya hayasikii vizuri.

"Mama, tafadhali."

"Sijasema kitu."

"Nakujua. Hapa wanakula watu wanane na familia zao. Ukisema, kesho hakuna atakayenunua hata kijiko. Watasema karakana imejengwa juu ya maiti."

"Na si kweli?"

Mwanawe aliinamia mikono yake. Mtu huyu humwaga chungu cha moto bila kutetemeka mkono, na wakati ule alikuwa anakwangua ukucha kwa ukucha. "Baba alitaka iishe naye," alisema.

"Baba yako alikuwa mtu mwema, na alikuwa mwoga. Mimi nilikuwa mwoga zaidi yake, maana mimi nimeishi zaidi." Akachukua nyundo, akarudi kwenye boliti zake, na mchana kutwa hakung'oa hata moja sawasawa.

Asubuhi alivaa viatu vya mpira vya karakanani, akajifunga kitambaa kichwani kwa kukaza, akaenda nyumba ya wageni kwa miguu. Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa. Askari wawili walikuwa wanahangaika na kiti cha rubani, na kinyozi yuko pembeni anawaelekeza jinsi ya kukishika, uchungu umemjaa kama anayeozesha binti.

"Kapteni," alisema Mama Mifuniko, "waambie wakiteremshe. Hamwondoki leo."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna mtu mlimani. Nilimfunika mimi."

Aliwaeleza yote pale pale uani, amesimama: korongo, mkia, mawe, mumewe, uoga. Alieleza kila kitu isipokuwa jambo moja, ambalo hata mumewe hakuwahi kulijua. Mwalimu alimsikiliza bila kupepesa jicho. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliuliza tu, "Unaweza kutupeleka?" Na kwa kuwa kinyozi alikuwa amesikia, kabla lori halijatoka getini mji mzima nao ulikuwa umeelezwa, pamoja na nyongeza za kinyozi.

Lori liliwafikisha mpaka kwenye kijito, njia ya gari inapokatika. Walipoanza kupanda walisikia mtu anahema nyuma yao. Alikuwa mwanawe, bado na aproni yake ya ngozi. Hakusema samahani wala hakusema rudi. Alikuja upande wa mama yake, akampa kiwiko ashikilie, wakapanda.

Saa mbili nzima walizunguka. Mama Mifuniko alikuwa na hakika kwamba atapatambua akipaona tu, na kila mahali alipopaona hapakuwa penyewe. Miti iliyoungua ilikuwa imeota upya, minene, inafanana. Makorongo yalikuwa matano, sita, hayana tofauti. Alishuka kwenye moja akasema ni hili, akashuka kwenye jingine akasema, hapana, ni hili. Kapteni alifuata na ramani yake. Kwenye la nne, Mama Mifuniko alisimama akaelewa anachofanya. Alikuwa anautafuta mkia. Macho yake yalikuwa yanazunguka msitu mzima yakitafuta lile bati kubwa jeupe kati ya miti, na lile bati alilikata yeye, akalibeba yeye, akalichambua yeye kabla ya kutiwa motoni. Hapakuwa na kitu kingine cha kuonyesha mahali. Kilikuwa kimoja, na alikichukua.

Alikaa chini akalia kwa sauti, bila kujificha, kama wanavyolia watoto.

"Tumpumzishe," alisema mmoja wa askari. "Amekula chumvi nyingi, bibi wa watu. Pengine amechanganya."

"Sijachanganya!" Hasira ilimkausha machozi papo hapo. "Wewe ulishawahi kubeba mzigo kichwani, peke yako, kushuka mlima?"

Askari akakiri kwamba bado.

"Basi nyamaza nifikiri."

Na kwa kufikiria mzigo ndipo alipopata. Mtu aliyebeba mzito kichwani, bila wa kumtwisha, hawezi kupumzika popote. Akiutua chini hatauinua tena. Anahitaji jiwe au ukingo wa kumfikia kifuani, autelezeshe pale, apumue, kisha aingize kichwa chini yake na kuondoka nao. Siku zile, kutoka korongoni mpaka kijitoni, yeye na mumewe, kila mmoja na mzigo wake, walikuwa na vituo vitano vya namna hiyo, na safari za mkia zilikuwa tatu. Miti huota, lakini mawe hayaendi popote.

"Turudi kijitoni," alisema. "Tuanze upya."

Watu wazima wakashuka mlima wote ili waupande tena, na hakuna aliyenung'unika. Kuanzia kijitoni, Mama Mifuniko alilisogelea kila jiwe kubwa na kusimama ubavuni mwake, akipima kwa kifua. Hili refu. Hili fupi. Hili, sawa: moja. Juu kidogo, la pili, lenye uso bapa. La tatu lilikuwa limepasuka, nusu yake imebingirika, lakini ukingo wake wa juu ulikuwa bado unamfikia kifuani pale pale. Mwanawe alikuwa anahesabu kwa sauti yake ndogo. Kwenye la nne njia ilipinda upande ambao hawakuwa wameugusa kabisa asubuhi ile. La tano lilikuwa ukingo wa mwamba, na chini yake, mkono wa kushoto, kulikuwa na korongo jembamba lililojaa majani.

Mawe yalikuwepo. Ukoko wa kijani ulikuwa umeyafunika na mzizi mmoja umepita katikati, lakini mawe hayajipangi yenyewe kwa urefu wa mtu.

"Asiguse mtu yeyote," alisema Kapteni, upole wote ukiwa umemtoka. Askari wakapigilia vijiti, wakazungusha kamba. Kapteni alipiga picha, akapima, akaandika. Kalamu nyekundu ikaweka nukta yake kwenye ramani. Mwalimu alipiga magoti nje ya kamba, sketi kwenye tope, mikono mapajani. Kisha, bila kugeuka, akauliza.

"Alikuwa amelalaje?"

Mama Mifuniko alimtazama mwanawe. Mwanawe alidhani ameshasikia yote, akamwitikia kwa kichwa, aseme.

"Ubavu," alisema. "Amekunja miguu. Kichwa kwenye mkono."

"Kama mtu aliyelala."

"Kama aliyelala. Mwanangu, kuna jambo sikulisema jana, wala asubuhi, wala kwa mume wangu. Alikuwa chini ya lile bati la mkia. Halikumwangukia. Alikuwa amelivuta, ameliegemeza kwenye jiwe, na upande unaotoka upepo ameziba kwa matawi. Matawi yalikatwa kwa kisu. Alijijengea."

Kapteni aliacha kuandika. Mwalimu aligeuka sasa, na usoni mwake ilionekana hesabu ikifanyika, siku tatu za askari, wiki mbili za tangazo, na mji mzima hapo chini ukisubiri kwa woga. Mama Mifuniko alikuwa amekwisha kuifanya hesabu hiyo mara nyingi mno, na haikuwahi kumpa jibu jingine.

"Aliishi siku ngapi?"

"Sijui. Mungu ndiye anayejua. Mimi nilimkuta amekwisha kwenda, si leo wala jana."

Mwalimu alirudisha macho kwenye mawe. "Mvua ilikuwa kubwa wakati ule," alisema. "Mama yangu hutaja mvua ile mpaka leo. Basi angalau haikumpata."

Lilikuwa neno la kujifariji, na mtu mwenye huruma angelikubali yakaisha. Mama Mifuniko alitaka sana kulikubali.

"Haikumpata," alisema, "mpaka nilipokuja mimi nikaondoka na paa lake."

Mwanawe aligeuza uso. Mwalimu aliinuka kutoka kwenye tope, akamfuata Mama Mifuniko pale alipokuwa, akamshika mkono. Aliubana kwa nguvu, mpaka vidole vya yule mama vikauma, akaendelea kuubana, na hakuuachia.